Vikombe Saba vya Posa

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Adla amesimama katikati ya sebule yake, mkono mfukoni mwa aproni, vidole vimeikamata ile barua. Mbele yake wanaume saba, kofia magotini. Mezani vikombe saba vya kahawa, na hakuna aliyegusa chake. Na Fadlo Rahhal, yule yule, alikuwa ameshatamka.

"Hatunywi kahawa yako, Mama Nazira, mpaka utupe tulichokuja kukitaka. Tunamtaka binti yako Nazira kwa mwanangu Nasib."

Msomaji uliyekuwa safarini Jumapili iliyopita, nitakusaidia, lakini mara hii tu. Watu wa Zahle, mji wetu wa asili ng'ambo, hata wakihamia Amerika, hata wakiishi huku kilimani Worcester kwenye baridi ya kupasua mawe, posa huijibu kwa kahawa. Wageni huacha vikombe vyao. Mwenye nyumba akisema "kunyweni kahawa yenu", binti ameshatoka. Akinyamaza, kahawa inapoa, wageni wanavaa kofia zao, na jua halizami kabla mtaa mzima haujajua. Mwanamume aliyeachiwa kahawa ikapoa hasahau.

Fadlo hakusahau. Miaka ishirini nyuma, kule Zahle, kahawa yake ilipoa nyumbani kwa baba yake Adla. Adla akaolewa na Khattar, seremala. Fadlo akacheka, akampa Khattar mkono wa heri, akaoa kwingine mwaka ule ule, akawa rafiki wa nyumba. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Na barua? Iliandikwa na mzee mmoja anayekufa, aliyetaka kuutua mzigo kabla hajaenda. Alikuwa meli moja na Khattar, Adla na Fadlo. Fadlo alikuwa ameshafika Amerika mara moja na kurudi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa wote. "Wakaguzi wa New York wakikuuliza kama una kazi inayokungoja," alimwambia Khattar, "sema ninayo. Wanapenda mtu mwenye kazi."

Lo! Ilikuwa kinyume kabisa. Sheria ya siku zile ilimrudisha kila mtu aliyeahidiwa kazi kabla hajafika. Jibu la kupita lilikuwa, "Sina kazi, nina mikono." Fadlo alilijua vizuri. Dakika tano baadaye alilitumia yeye, akapita.

Khattar akarudishwa. Adla, mimba ya miezi mitano tumboni, akapokewa na kaka yake, akakaa kumngoja mumewe. Kabla Khattar hajajaribu tena, vita vikafunga bahari. Njaa ikamkuta kule kule kwao, ikammaliza. Miaka kumi na tisa Adla aliamini ni mkosi tu. Jumatatu iliyopita barua ikafika.

Haya, turudi sebuleni. Na usiniulize nimejuaje yaliyosemwa. Mimi nilikaa ghorofa ya chini ya nyumba ile, na kuta zake ni mbao.

Adla alikuwa ameipanga siku hii. Angeweza kuwafungia mlango, lakini hakutaka. Alikaanga kahawa kwa mkono wake, akaitwanga, akachagua vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Alitaka Fadlo akae, ajinyooshe, atabasamu. Kisha amsomee barua mbele ya Kasisi Shamun na wazee wanne wa mtaa, na kahawa ipoe tena mbele ya pua yake.

"Mama Nazira, mbona kimya?" aliuliza Kasisi. "Kahawa inapoa."

"Iache ipoe, baba."

Mzee mmoja alikohoa. Nasib, kijana wa watu, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Fadlo," Adla alisema, "kabla sijakujibu, nina kitu nataka kuwasomea wazee."

"Soma, mama, soma!" Fadlo alicheka, mnyororo wa saa ukarukaruka tumboni. "Kama ni masharti, tumeshayakubali. Fadlo Rahhal habishani na mama wa binti."

"Si masharti."

Adla alitoa barua. Fadlo aliiona ile stempu ya nyumbani, na kicheko chake kikakatika.

Hapo hapo pazia la jikoni likafunguka.

Nazira aliingia na sahani ya maamul, biskuti za tende, za moto, mikono imejaa sukari ya unga. Binti wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Amerika, mrefu kama baba yake. Kiarabu chake mtaa mzima ulikicheka, kilichechemea vibaya mno. Siku moja aliingia msibani akampa mjane mkono, akamwambia "hongera".

Aliweka sahani. Akavitazama vile vikombe saba. Akatabasamu.

"Wajomba, kahawa mnaitazama tu? Kunyweni kahawa yenu."

Wanaume saba wakamgeukia.

Kisha mzee mmoja akajipiga paja. "Imetoka! Jamani, imetoka ndani ya nyumba!"

Fadlo alikuwa mwepesi kuliko wote. Alikinyakua kikombe, akakigugumia mpaka machicha. Wengine wakafuata, hata Nasib, aliyejimwagia nusu kwenye tai. Na kutoka kwenye ngazi vikapasuka vigelegele, maana wanawake walikuwa wamejibanza pale wakisikiliza tangu kanisa litoke.

"Subirini!" Adla alipiga kelele. "Mtoto huyu hajui! Hajui alichokisema!"

"Mama Nazira," Kasisi alisema, akifuta masharubu na kucheka, "kahawa haimuulizi mtu lugha wala umri. Neno limetoka ndani ya nyumba yako, na sisi tumelinywa."

"Kwani nimesema nini?" Nazira aliuliza, macho yamemtoka. "Fundi bomba juzi nilimwambia hivyo hivyo."

"Basi fundi bomba ni mume wako wa kwanza!" mzee mwingine alidakia, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Adla peke yake hakucheka. Barua ilikuwa mkononi bado.

"Ulikuwa unatusomea nini, mkwe wangu?" Fadlo aliuliza, polepole.

Mkwe! Neno lile lilimwingia kama sindano ya cherehani chini ya ukucha.

Angeisoma sasa, nani angeumia? Binti aliyekubaliwa na kupokonywa ndani ya saa moja, wanawake wakiimba ngazini, nani tena angempandia kilima kuja kumposa? Aibu ya Fadlo, ambayo dakika moja nyuma ilikuwa ya Fadlo, sasa ilikuwa ya wajukuu wa Adla mwenyewe. Adla aliikunja barua.

"Ni ya nyumbani tu," alisema. "Wanasalimu."

Mimi ningeisoma, wallahi! Lakini mimi si mama wa mtu.

Ila msidhani Adla alikubali yaishe hivyo. Alikwenda nyuma ya mlango, akalikokota kasha lake la uchuuzi mpaka katikati ya miguu ya wageni. Wote walilijua. Kila nyumba kilimani iliwahi kuwa na kasha kama lile, la ngozi iliyobabuka, na mikanda miwili ya mgongoni.

"Mahari yangu ni hii," alisema.

"Taja, mkwe."

"Kasha hili nimelibeba miaka tisa. Mgongoni kasha, kifuani Nazira. Mashambani, theluji magotini, mbwa wananifukuza. Nilijua maneno matatu tu ya Kiingereza: nunua, mama, tafadhali. Nimelala kwenye mabanda ya ng'ombe ili mtoto apate joto la ng'ombe. Unamtaka binti niliyemlea kwa kasha hili? Lipandishe mgongoni, Fadlo. Teremka nalo kilima mpaka mlango wa kanisa. Na kila mlango wa watu wetu ugonge, useme: nunua, mama, sindano, uzi."

Wazee waliguna. "Mama Nazira, huyu ni mtu mzima! Ana duka la madirisha mawili ya vioo!"

"Nitalibeba mimi, mama," Nasib alisimama haraka.

"Kaa chini. Sijakuambia wewe."

Fadlo alimtazama Adla. Adla akamtazama. Na hapo Fadlo alijua kwamba Adla anajua. Ile stempu ilitosha.

Fadlo alivua koti. Akavua saa. Akapiga goti, akaingiza mabega kwenye mikanda, akanyanyuka akiyumba. Kasha lilikuwa zito kuliko alivyotazamia. Adla, Mungu amsamehe, asubuhi ile alikuwa ameingiza humo pasi mbili za chuma, na wala hakujua ni kwa nini.

Alikimbilia dirishani kutazama. Hii alitaka kuiona kwa macho yake.

Fadlo aligonga mlango wa kwanza. "Nunua, mama. Sindano, uzi." Mlango wa pili. Jasho lilikuwa limeshalowesha fulana. Adla alikaza meno, akingoja kicheko cha watu. Ngoja sasa, alijiambia. Ngoja wamwone tajiri wao anavyohema.

Kicheko hakikuja.

"Tazameni mtu!" mwanamke mmoja alilia kwa sauti. "Tajiri mzima, kabeba kasha kwa heshima ya mkwewe!"

"Hakusahau alikotoka!"

"Baba yangu alikufa na kasha kama hilo mgongoni! Mungu akubariki, Bwana Fadlo!"

Milango ilifunguka yenyewe. Wakamrushia mchele. Wakamnyunyizia maji ya waridi. Mzee kipofu akaomba aongozwe alipo, aliguse kasha, akaligusa, akalia kama mtoto. Kufikia mlango wa tano watu walikuwa wanaimba, na kufikia kanisani Kasisi Shamun alimbusu mashavu yote mawili mbele ya kadamnasi.

Yaani, msomaji wangu, aliondoka nyumbani kwa Adla mwenye duka, akafika kanisani mtakatifu!

Adla alifunga dirisha kwa kishindo. Akaketi mbele ya cherehani, moja kati ya nne alizonunua kwa mgongo wake, akaupiga ubao kwa ngumi mpaka bobini zikaruka sakafuni. Miaka kumi na tisa! Adui kaletwa mpaka ndani, kaketi, kawekewa kikombe, na yote yameharibiwa na ulimi wa mtoto asiyejua lugha ya mama yake!

Jikoni Nazira alikuwa anaosha vikombe.

"Unajua umefanya nini, wewe?" Adla alisimama mlangoni.

"Nimekaribisha wageni."

"Umejitoa mwenyewe kwa neno moja! Kwa mtu yule! Mtu ambaye..."

"Ambaye nini, mama?"

Adla hakutaka. Alikuwa amejiapia binti yake hatalisikia. Lakini hasira ikifika kooni haina adabu.

"Alimuua baba yako."

Kikombe hakikumponyoka Nazira. Alikikausha kwa kitambaa, ndani na nje, akakipanga na wenzake.

"Kwa jibu," alisema. "Sema ninayo. Wanapenda mtu mwenye kazi."

Yale yalikuwa maneno ya barua, neno kwa neno. Na Kiarabu kile hakikuchechemea hata kidogo.

"Umeisoma?"

"Jumanne, nilipochukua aproni yako kufua. Ilinila siku mbili, herufi kwa herufi, nimejifungia chooni. Ulinigongea ukidhani tumbo linaniuma, ukaniletea chai ya yansuni."

"Na kahawa? Ulijua?"

"Mama, kilimani hapa nimeosha vikombe vya posa ngapi? Mnaucheka ulimi wangu, mnadhani na masikio yangu ni mabovu?"

Adla alishika ukingo wa meza.

"Nilikuwa nimemshika, Nazira! Dakika moja! Kwa nini?"

"Kwa sababu ungemsomea, naye angekana. Aliyeandika yuko ng'ambo, huenda ameshakufa. Wazee wawili wangekuamini, wawili wasingekuamini, na Kasisi angeomba amani. Kesho angefungua duka kama kawaida. Si umeona mwenyewe? Umembebesha kasha, wamemrushia mchele."

"Kwa hiyo?"

Nazira alichukua kikombe kingine. Alizungumza taratibu, kama mtu anayehesabu mishono.

"Kwa hiyo naingia ndani ya nyumba yake. Nitampikia. Nitamwita baba. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume ataitwa Khattar, na Fadlo mwenyewe atambeba kwenda kubatizwa, kwa sababu atakataaje? Kila siku atalazimika kuliita jina hilo. Khattar, njoo ule. Khattar, nipe fimbo. Khattar, mbusu babu. Na watoto wangu wote watajua alichofanya, nitawafundisha kabla hawajaota magego. Wataketi mezani naye, wakimtazama. Hataambiwa neno. Atatazamwa tu, mama, mpaka afe. Na nitamtunza vizuri, ili achelewe kufa."

Adla aliyekuwa amebeba kisasi siku sita, aliyetia pasi ndani ya kasha, sasa aliogopa. Alimwogopa mtoto wake wa kumzaa.

"Na Nasib?" aliuliza. "Kijana wa watu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Unampenda?"

Nazira alikifuta kikombe kile kile mara ya pili.

"Nampenda," alisema. "Hilo halitanizuia."

"Mwanangu." Adla alimshika mikono yenye povu. "Sikiliza. Hii ilikuwa kazi yangu. Niachie mimi. Wewe olewa, ucheke, uzae, umwite mtoto jina la mti au la mfalme, nani atajali? Niachie mimi!"

"Umechoka, mama. Umebeba vya kutosha."

"Nakwenda kwa Kasisi. Navunja uchumba sasa hivi!"

"Utamwambia sababu gani? Mtu uliyemtwisha kasha mbele ya mtaa mzima, naye akalibeba, utasema amekukosea nini?"

"Basi nitamwambia Nasib! Nitamwambia unachotaka kumfanyia baba yake!"

"Mwambie," Nazira alisema. "Atanichukia mimi. Atamchukia baba yake. Atakuwa hana mtu duniani, kama baba alivyokuwa siku ile bandarini. Uko tayari kumfanyia hivyo, mama? Kijana wa watu?"

Adla aliiachia mikono ya binti yake.

Chini barabarani ngoma ililia. Kisha miguu ya watu wengi ikaanza kupanda ngazi, na sauti ya Nasib, changa, imejaa furaha mpaka imepasuka: "Nazira! Toka uone! Wamemrudisha baba kwa ngoma! Mama naye aje!"

Nazira alivua aproni. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha juu ya sinki, akajifinya mashavu yapate rangi, akanyoosha nywele kwa mkono uliolowa. Kisha akatabasamu.

Adla alilitazama lile tabasamu. Mtoto huyu alimnyonyesha kwenye theluji. Alizijua homa zake, uongo wake, wivu wake, kila namna ya kicheko chake tangu jino la kwanza. Sasa hakuweza kusema, hata ungemwapisha, kama tabasamu lile lilikuwa la yule kijana anayeita ngazini au la baba wa kijana huyo.

"Nazira," alinong'ona. "Usiende."

Binti alikuwa ameshafika mlangoni. Fadlo Rahhal alisimama kwenye ngazi, amelowa jasho, mchele nyweleni, mabega yamechubuliwa na mikanda. Hakuthubutu kumtazama Adla. Alimtazama binti, kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

Nazira aliinama, akaushika mkono wake, akaubusu, akauweka juu ya paji la uso.

"Pole, baba," alisema kwa sauti tamu. "Umechoka sana. Njoo uketi, nikuoshe miguu."

Na Fadlo, mtu mzima, mbele ya watu wote wale, alianza kulia.

"Mungu amenisamehe," alisema. "Jamani, Mungu amenisamehe. Amenipa binti."